Norm Smith: Kocha aliyefukuzwa miezi kumi baada ya kutwaa ubingwa

Ijumaa ya tarehe 23 Julai 1965, katika jiji la Melbourne nchini Australia, kocha mmoja mwenye umri wa miaka 49 alipata taarifa ya maandishi kutoka kwa viongozi wa klabu yake. Kazi imekwisha. Kesho yake timu ilikuwa na mechi ya ligi, na yeye hakutakiwa kuwapo.

Msikilizaji anayefuatilia michezo hatashangaa kusikia kocha amefukuzwa. Lakini wengi hufukuzwa kwa sababu timu inafungwa, na Norm Smith hakuwa mmoja wao. Alikuwa ameipa klabu ya Melbourne ubingwa mara sita ndani ya miaka kumi, na ule wa sita ulikuwa na umri wa miezi kumi tu siku hiyo. Msimu huo wenyewe wa 1965 timu ilikuwa imeuanza kwa kushinda mechi nane mfululizo.

Baada ya siku ile, klabu ya Melbourne ilikaa hadi mwaka 2021 ndipo ikatwaa ubingwa tena. Mashabiki waliliita jambo hilo laana ya Norm Smith. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, alishindaje, na kwa nini waliomfukuza walimrudisha baada ya siku nne.

Mpira wenye umbo la yai

Tuanze na mchezo wenyewe, maana si kandanda tuliyoizoea. Mpira wa Australia una umbo la yai, na uwanja wake nao una umbo la yai, mkubwa kuliko uwanja wa kandanda. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira na kukimbia nao, ila kila baada ya hatua kadhaa lazima audundishe chini au auguse ardhini. Akitaka kumpa mwenzake, ama aupige teke, ama aushike kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kuurusha kama mtu anavyorusha jiwe ni kosa. Hakuna kuotea. Na mchezaji akiudaka hewani mpira uliopigwa teke kutoka mbali, hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana utaona watu wakirukiana mabegani kuudaka.

Kila upande una milingoti minne, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mpira uliopigwa teke ukipita kati ya ile mirefu ni goli, na goli moja ni pointi sita. Ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi, timu inapata pointi moja tu. Kwa hiyo timu yenye magoli manane na pointi kumi na sita za pembeni itakuwa na jumla ya pointi 64. Tunaomba msikilizaji aikumbuke hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Mchezo huu ulizaliwa Melbourne, na wanachama wa klabu ya Melbourne ndio walioandika kanuni zake za kwanza mwaka 1859. Katika enzi za Smith ligi kubwa ilikuwa ya jimbo la Victoria, yenye klabu 12, na 11 kati ya hizo zilitoka katika mitaa ya jiji hilo moja. Mtu alizaliwa katika klabu kama anavyozaliwa katika ukoo. Fainali ilichezwa kila Septemba katika uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne, na watu zaidi ya laki moja kuingia lilikuwa jambo la kawaida.

Uwanja huo una historia na Afrika Mashariki pia. Mwaka 1956 ndio uliobeba Michezo ya Olimpiki, na hapo Kenya na Uganda zilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mkenya Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Miezi michache tu kabla ya Maiyoro kukanyaga pale, Norm Smith alikuwa ameshinda fainali katika uwanja huo huo mbele ya watazamaji 115,802.

Mshambuliaji aliyewaachia wenzake

Norman Walter Smith alizaliwa Melbourne tarehe 21 Novemba 1915, akakulia Northcote, mtaa wa wafanyakazi kaskazini mwa jiji. Alikuwa na kaka yake, Len, aliyemzidi miaka mitatu hivi. Wote wawili walicheza ligi kubwa, na wote wawili wakawa makocha. Nywele za Norm zilikuwa na rangi nyekundu, na baadaye, alipojulikana kwa ujanja wa mbinu, watu wakamwita Mbweha Mwekundu.

Alianza kuichezea Melbourne mwaka 1935. Kocha wake alikuwa Frank Hughes, ambaye kila mtu alimwita Checker, na mchezaji kijana akajifunza kwake kwamba timu ni kazi. Hughes ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha jina Mashetani, ambalo wachezaji wa Melbourne wanalo hadi leo: aliona wanacheza kipole mno, akawataka wacheze kama mashetani.

Smith alikuwa mshambuliaji wa mbele kabisa, karibu na goli. Mtu wa nafasi hiyo kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya magoli, na hakuwa haba: katika fainali ya 1940 dhidi ya Richmond alifunga saba peke yake. Lakini waliocheza naye walimkumbuka zaidi kwa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ubao wa matokeo. Alikuwa akikimbia kwenda upande ambao mpira hauji, makusudi, ili beki amfuate na nafasi ibaki wazi kwa mwenzake. Mwenzake anafunga, anashangiliwa, na Smith yuko pembeni na beki wake mkononi. Sisi tunaona kwamba ukocha wake wote unaanzia hapo. Aliyewahi kufanya hivyo mwenyewe kwa miaka mingi hana subira na mchezaji anayetaka sifa zake peke yake.

Melbourne ilitwaa ubingwa mwaka 1939, 1940 na 1941, na Smith alikuwamo mara zote tatu. Akaupata wa nne mwaka 1948, katika fainali iliyochezwa mara mbili kwa sababu ile ya kwanza dhidi ya Essendon ilikwisha kwa sare, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Mtoto wa marehemu rafiki

Katika kikosi cha ubingwa cha 1940 kulikuwa na kijana aliyeitwa Ron Barassi. Alikwenda vitani na jeshi la Australia, na tarehe 31 Julai 1941 akauawa Tobruk, nchini Libya. Aliacha mke na mtoto wa kiume wa miaka mitano, naye aliitwa Ron Barassi.

Miaka ilipita. Mama wa mtoto aliolewa tena na kuhamia kisiwa cha Tasmania. Kijana alitaka kubaki Melbourne acheze mpira katika klabu ya baba yake. Norm Smith na mkewe wakamchukua. Aliishi kwao, akilala katika kijumba cha uani, akila mezani pao kama mtoto wa nyumba hiyo. Ligi nayo ilikubali kanuni ya kuwawezesha watoto wa wachezaji wa zamani kuchezea klabu za baba zao, na Melbourne ikampata.

Wakati huo Smith alikuwa amekwisha kuwa kocha. Melbourne haikumpa nafasi hiyo mara moja; mwaka 1949 walimchagua mchezaji mwenzake wa zamani, Allan La Fontaine, na Smith akaenda Fitzroy kuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Melbourne iliburuta mkia mwaka 1951. Ndipo wakamwita.

Alianza msimu wa 1952, na mambo hayakuwa mazuri haraka. Mwaka 1953 timu ilimaliza karibu kabisa na mkia, na huo ndio mwaka ambao Barassi kijana alianza kucheza. Smith alikuwa na swali la kutatua: huyu kijana si mrefu wa kutosha kushindana na majitu yanayoruka katikati ya uwanja, na si mwepesi kama wale wadogo wanaookota mpira chini. Akamweka kati ya hayo mawili, karibu na mrukaji mkubwa, auchukue mpira na kuupeleka mbele kwa nguvu. Nafasi hiyo ikaigwa na ligi nzima.

Nyumbani alikuwa baba. Uwanjani hali ilikuwa nyingine. Barassi alikemewa kuliko mchezaji yeyote, na wenzake waliona, na labda ndiyo ilikuwa nia. Hakuna aliyeweza kusema kocha anampendelea wa kwake.

Fainali saba mfululizo

Kuanzia 1954 hadi 1960 hakuna fainali ya ligi hiyo iliyochezwa bila Melbourne. Waliipoteza ya 1954 kwa Footscray. Wakashinda 1955, 1956 na 1957, wakapoteza 1958, wakashinda tena 1959 na 1960.

Hatutazisimulia zote. Hiyo ya 1958 ndiyo inayostahili kusimama kidogo, kwa sababu Smith aliibeba moyoni. Mpinzani alikuwa Collingwood, klabu ya mtaa wa maskini yenye mashabiki wengi na wenye uchungu, na yenye rekodi moja iliyoithamini kuliko zote: ubingwa wa miaka minne mfululizo, 1927 hadi 1930. Melbourne ilikuwa na mitatu. Ikishinda wa nne, rekodi inakuwa ya watu wawili. Collingwood waliingia uwanjani wakijua hawawezi kucheza mpira mzuri kuliko Melbourne, basi wakaamua kuwachokoza. Bega hapa, kiwiko pale, na Barassi kuliko wote. Vijana wa Smith wakaingia mtegoni, wakawa wanatafuta watu badala ya kutafuta mpira. Collingwood walishinda kwa pointi 82 dhidi ya 64, na rekodi yao ipo hadi leo. Kocha aliyewafundisha watu kusahau nafsi zao alikuwa ameshindwa siku moja ile ambayo nafsi zilizidi nguvu.

Miaka miwili baadaye, kwenye uwanja uliolowa mvua, Melbourne iliibana Collingwood mpaka ikapata pointi 14 tu kwa mechi nzima ya fainali. Melbourne walikuwa na 62. Hapo deni lililipwa, ingawa waliokuwapo 1958 hawakubali kwamba lililipwa lote.

Septemba 1964

Fainali ya tarehe 19 Septemba 1964 iliwakutanisha tena Melbourne na Collingwood. Wiki mbili kabla, katika nusu fainali, Melbourne iliwashinda Collingwood hao hao kwa tofauti ya pointi 89. Collingwood walipata nafasi nyingine kwa utaratibu wa mashindano wa wakati ule, wakaitumia, wakarudi. Zaidi ya watu laki moja walijaa uwanjani, na wengi walidhani wamekuja kutazama mazishi.

Haikuwa hivyo. Melbourne walikuwa wakifika golini lakini mpira ukipita pembeni: pointi moja, pointi moja, tena moja. Wakimbiaji wa Collingwood hawakuchoka. Katika robo ya nne tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba goli moja lingeigeuza mechi.

Likaja. Nahodha wa Collingwood, Ray Gabelich, alikuwa mtu mkubwa sana, mrukaji wa katikati, si mtu wa mbio. Mpira ukamwangukia akiwa na uwanja mtupu mbele yake hadi golini. Akaanza kukimbia. Kanuni inataka audundishe, naye akaudundisha, na mpira wa yai haurudi mkononi kwa adabu. Mara uende kushoto, mara uchelewe. Kila alipoudundisha uwanja mzima ulishika pumzi. Hakuna aliyemfikia. Akafika, akapiga, goli. Collingwood walikuwa mbele kwa pointi mbili na dakika zilizobaki zilikuwa chache.

Melbourne walishambulia tena. Mpira uliruka mbele ya goli la Collingwood, watu wakaugombea, ukadondoka. Aliyeuokota alikuwa Neil Crompton. Huyu alikuwa beki. Kazi yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, kumlinda mtu wake, na kufunga halikuwa jambo lililotarajiwa kwake. Lakini mtu aliyekuwa akimlinda alikuwa amepanda, na Crompton alikuwa amemfuata, akamfuata, mpaka akajikuta karibu na goli la wapinzani. Akapiga. Mpira ukapita katikati ya milingoti mirefu.

Melbourne magoli manane na pointi 16, jumla 64. Collingwood magoli manane na pointi 12, jumla 60. Kipenga kikalia.

Inasimuliwa mpaka leo kwamba Smith hakufurahishwa na jambo moja katika dakika zile: Crompton alikuwa ameacha nafasi yake. Wengine husimulia kama kichekesho. Sisi tunadhani ni picha sahihi ya mtu. Ubingwa umepatikana, lakini utaratibu ni utaratibu.

Nahodha aliyebeba ubingwa huo alikuwa Ron Barassi. Hakucheza tena Melbourne. Klabu ya Carlton ilimtaka awe nahodha na kocha, naye alitaka kufundisha, na Melbourne nafasi ya kocha ilikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa yule aliyemlea. Mwisho wa mwaka Barassi akaenda. Australia ilishtuka, kwa sababu mchezaji wa hadhi yake kuhama klabu kipindi kile lilikuwa jambo la kusikitisha watu kama talaka.

Siku nne

Sasa turudi Julai 1965.

Kwa juu juu hakukuwa na sababu ya kumfukuza Smith. Chini yake yalikuwapo mambo mengi. Smith alikuwa amezoea kuamua: nani acheze, nani aache, nani aambiwe ukweli mbele ya wenzake. Viongozi wa kamati waliona timu ni ya klabu, si ya kocha. Palikuwa pia na kesi. Mwamuzi mmoja alimshitaki Smith kwa kumkashifu, kutokana na maneno aliyoyasema hadharani kuhusu uamuzi wake uwanjani, na Smith alihisi klabu haikusimama nyuma yake kama alivyostahili baada ya yote aliyoifanyia. Baada ya ule mwanzo wa ushindi wa mechi nane, timu ilianza kupoteza. Kila upande ukawa na la kumlaumu mwenzake.

Taarifa ya kumwachisha kazi ilipomfikia, Smith hakukaa kimya. Usiku huo huo alionekana kwenye televisheni akieleza upande wake. Ilikuwa habari kubwa kuliko siasa za wiki hiyo. Jumamosi timu iliongozwa na mzee Checker Hughes, yule kocha wake wa ujana, na ikafungwa na North Melbourne.

Mashabiki walikuwa wamekasirika. Wachezaji walikuwa wamechanganyikiwa. Jumanne ya tarehe 27 Julai kamati ilimrudisha Smith kazini.

Alirudi, lakini si kila kilichovunjika kinaunganishwa kwa kurudishwa ofisini. Wachezaji walikuwa wameona kwamba kocha anaweza kuondolewa, na kwa mtu ambaye nguvu yake yote ilitokana na kutotikisika, hilo lilikuwa pigo. Melbourne ilimaliza msimu katika nafasi ya saba. Smith aliendelea hadi 1967, bila kuifikisha timu tena katika hatua ya mwisho ya kuwania ubingwa, kisha akaondoka. Mwaka huo huo wa 1967 kaka yake Len alifariki dunia. Len hakupata ubingwa hata mmoja kama kocha, lakini mawazo yake juu ya mchezo wa kasi na wa kupasiana kwa ngumi yalisambaa kwa wengine, na tutayaona yakitokea mara moja zaidi.

Je, lawama ni ya nani? Waandishi wa Australia wamelijadili kwa zaidi ya nusu karne. Smith hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi, na kamati ya klabu ina haki ya kuongoza. Lakini kumwandikia mtu wa aina ile siku moja kabla ya mechi, bila kumwita na kumkalisha, tunaona ni woga uliovaa koti la uamuzi. Na kumrudisha baada ya siku nne kulionyesha kwamba hata wao hawakuwa na hakika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1969 alichukua timu ya South Melbourne, klabu ambayo ilikuwa imesahau ladha ya mechi za Septemba. Mwaka 1970 aliifikisha huko kwa mara ya kwanza tangu 1945. Wachezaji aliokuwa nao hawakuwa wa kiwango cha wale wa zamani, na wapo wanaosema kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko baadhi ya mataji yake. Hawasemi vibaya.

Septemba hiyo hiyo ya 1970 ilichezwa fainali ambayo watu wengi huitaja kuwa ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya mchezo huu. Watazamaji walikuwa 121,696, idadi ambayo haijawahi kupitwa. Collingwood waliiongoza Carlton kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha wa Carlton aliwaagiza wachezaji wake wauchukue mpira na kuusogeza kwa ngumi, haraka, bila kusubiri, na akamwingiza kijana wa akiba, Ted Hopkins, aliyefunga magoli manne. Carlton wakashinda kwa pointi 111 dhidi ya 101. Kocha huyo alikuwa Ron Barassi, mtoto wa kijumba cha uani, na namna ile ya kucheza Len Smith alikuwa ameihubiri miaka mingi kabla.

Norm Smith aliacha ukocha baada ya msimu wa 1972. Alifariki dunia tarehe 29 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 57.

Medali na laana

Mwaka 1979 ligi ilianzisha medali ya mchezaji bora wa fainali, ikaiita kwa jina lake. Wa kwanza kuivaa alikuwa Wayne Harmes wa Carlton, aliyeufukuzia mpira uliokuwa ukitoka nje, akaupiga kwa mkono akiwa anateleza chini, na goli likapatikana. Harmes alikuwa wa ukoo wa Norm Smith mwenyewe. Mwaka 1996, michuano ilipotimiza miaka mia moja na ligi kuteua kikosi bora cha karne, kocha aliyewekwa juu ya kikosi hicho alikuwa Smith, na Barassi akawa mmoja wa wachezaji.

Melbourne nao walikuwa wakingoja. Mechi za Septemba hawakuziona tena mpaka 1987. Barassi mwenyewe alirudi kuwa kocha wao kuanzia 1981 hadi 1985, na katika msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi moja tu. Fainali ya 1988 walifungwa na Hawthorn kwa tofauti ya pointi 96, na ya 2000 wakafungwa na Essendon kwa 60.

Hapo ndipo neno laana liliposhika mizizi. Hatuna haja ya kwenda kwa mganga kulieleza. Klabu ilimpoteza Barassi, ikamvunja nguvu kocha wake, na miaka michache baadaye ligi ikagawa maeneo ya mashambani ya Victoria ili kila klabu ichukue vijana wake eneo moja, na Melbourne haikupata eneo lenye mavuno. Hayo yanatosha kuiangusha timu yoyote. Hata hivyo hatuwacheki waliosema ni laana. Ukifungwa miaka yote hiyo utatafuta maelezo popote.

Fainali ya 2021 haikuchezwa Melbourne. Jiji lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, kwa hiyo mechi ilipelekwa Perth, upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 2,500. Mashabiki waliongoja miaka 57 waliitazama nyumbani kwenye televisheni. Katika robo ya tatu Melbourne ilikuwa nyuma ya Western Bulldogs kwa pointi 19. Kuanzia hapo ilipata pointi 100, na wapinzani saba. Ikaisha 140 kwa 66, na Christian Petracca wa Melbourne akavishwa shingoni medali yenye jina la Norm Smith. Ron Barassi, nahodha wa 1964, alikuwa bado hai, na umri wa miaka 85.